Ngamia Thelathini na Saba wa Cornelius Wandera

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 1997, Bwana Cornelius Wandera, mchoraji wa Kituo cha Zana za Kufundishia hapa Lodwar, anakabidhi brashi, wembe na ufunguo wa chumba chake, na kustaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane na miezi mitatu. Mkuu wetu, Bi Bilha Kemunto, ameniagiza niandike ukurasa mmoja wa heshima. Heshima ipo ya kutosha. Ukurasa mmoja ndio hautoshi, na kwa kuwa mimi Makena ndiye taipisti na mashine iko mezani kwangu, nitaendelea mpaka utepe uishe wino.

Bwana Cornelius alizaliwa Samia, wilaya ya Busia, mwaka wa 1942. Kabla ya kuajiriwa alikuwa Kitale akichora vichwa vya wanaume kwenye kuta za vinyozi, na inasemekana wateja waliingia wakidai wanyolewe kama ukuta na wakatoka wakiwa na hasira. Aliripoti Lodwar tarehe mosi Aprili 1969. Alipowaaga wenzake kule Kitale walicheka, wakidhani ni mzaha wa siku ya wajinga, na wawili kati yao walimtembelea nyumbani kesho yake wakakuta chumba kitupu.

Kitu cha kwanza ambacho kila mgeni wa kituo hiki hujifunza ni kwamba Bwana Cornelius hachori kitu ambacho hajakishika mkononi. Mwaka wa 1974 aliambiwa achore chati ya alfabeti. Alipofika kwenye N ya nanasi alisimama. Nanasi Lodwar? Wapi! Alipanda lori hadi Kitale, akanunua nanasi moja zuri, akalifunga kwa gazeti na kuanza safari ya kurudi. Mbele kidogo ya Kainuk wakakuta laga, ule mto wa msimu, limejaa maji, wakakaa hapo siku mbili na abiria kumi na saba wenye njaa. Bwana Cornelius alifika ofisini akiwa ameshika majani ya kichwani tu. Basi alichora alichokuwa nacho. Kwa miaka tisa, watoto wa darasa la kwanza wa Turkana walijua kwamba nanasi ni aina ya jani, na hakuna aliyeumia.

Amechora mabango ya kuosha uso, ya kuchemsha maji, ya kukausha samaki kule Todonyang, ya chanjo ya mbuzi. Mabango hayo yapo kwenye kuta kutoka ziwani hadi mpaka wa Uganda, na hakuna hata moja lenye jina lake. Kanuni ya makao makuu ni kwamba kazi ni ya kituo, kwa hiyo chini huandikwa "Kimetayarishwa na Kituo", basi. Jambo hili lilimuuma, na sisi tuliokaa naye tunajua lilivyomuuma. Mdogo wake, Fundi Ojiambo, hujenga nyumba kule Samia, na kila anapomaliza huchora jina lake na mwaka kwenye saruji mbichi juu ya mlango. Kila Krismasi mama yao alikuwa akimzungusha Bwana Cornelius kijijini kumwonyesha nyumba za Ojiambo, kisha akimuuliza kwa upole yeye hasa hufanya nini huko jangwani. Bwana Cornelius aliandika barua tatu makao makuu kuomba jina lake liwekwe kwenye kazi moja tu. Zote nilizitaipu mimi, na zote zilijibiwa kwa mstari mmoja.

Ndipo Januari 1996 ikaja kazi ya kitabu. Si bango, si chati. Kitabu kizima cha picha, cha watoto wa madarasa ya chini, kuhusu michezo yao na vitu wanavyojitengenezea kwa walicho nacho. Kiliitwa *Tunacheza na Tulicho Nacho*. Bwana Cornelius alisoma barua ya kazi hiyo akiwa amesimama, akaingia kwa Bi Bilha, akatamka kwamba hiki ndicho kitabu chake cha kwanza na cha mwisho, na anataka jina lake juu yake. Bi Bilha alimjibu kwamba kanuni ni kanuni, amalize kwanza. Sharti lilikuwa moja: michoro yote iwe Nairobi kabla ya tarehe 15 Aprili 1997. Ikichelewa, uchapaji ungesogezwa mwaka unaofuata, na kitabu kingemaliziwa na mchoraji mwingine, yeye akiwa kwake Samia akihesabu nyumba za Ojiambo.

Kama mnavyomjua, hakuanza kuchora. Alianza kukusanya. Kila mwezi alipanda gari na dereva wetu Nanok hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa Mwalimu Mamer Majak, kijana mpole kutoka kusini mwa Sudan ambaye alifundisha watoto mia moja na ishirini chini ya turubai moja. Watoto wa Mwalimu Mamer walikuwa na magari ya makopo ya mafuta ya kupikia, mipira ya matambara, wanasesere wa vitambaa na ng'ombe wa udongo wa Laga Tarach wenye pembe ndefu kuliko miguu. Bwana Cornelius alitaka kuvishika vyote. Watoto nao hawakuwa wajinga, walitaka kubadilishana.

Ofisi ikaanza kupungua. Waya wa uzio upande wa choo uliondoka. Antena ya redio ya Bi Bilha ikawa fupi. Utepe wangu wa zamani wa mashine, ambao nilikuwa nautunza kwa siku ya dharura, ukawa mkia wa tiara. Kisha zikapotea ndala za bluu za Bi Bilha, zile anazovaa saa saba mchana viatu vinapombana. Alituuliza mmoja mmoja. Alimuuliza mlinzi mara mbili. Aliandika hata ilani ubaoni. Miezi minne baadaye alipokuwa akikagua michoro alifungua ukurasa wa tisa, akakuta gari la bati la mvulana anayeitwa Lual, lililochorwa vizuri sana, lenye magurudumu manne ya bluu, na kwenye gurudumu moja ile alama ya kuungua kwa pasi aliyoijua yeye mwenyewe. Kisha akasema ni mchoro mzuri, akafungua ukurasa wa kumi.

Sasa tufike kwenye ngamia. Sehemu kubwa ya kitabu ni mchezo ambao kila mtoto wa hapa ameucheza: unakusanya mawe, madogo ni mbuzi, makubwa ni ngamia, unajenga boma la miiba na unachunga siku nzima. Bwana Cornelius aliupanga hivi: ukurasa wa kushoto mtoto na mawe yake, ukurasa wa kulia mawe yamegeuka ngamia wa kweli. Kwa sababu hachori asichokishika, Nanok alimpeleka kwa baba yake mdogo, akamshika ngamia mmoja mzuri sana, akamchora kila unywele. Kisha, kwa kutumia karatasi nyepesi, akamnakili huyo huyo akitembea, akinywa, akilala, mpaka kitabu kikawa na ngamia thelathini na saba. Kila mmoja alikuwa na mchoro mdogo mzuri ubavuni, mistari miwili na nusu duara, ambao Bwana Cornelius aliupenda kwa sababu ulijaza nafasi.

Hapa msomaji wa Turkana ameshacheka. Kwa ajili ya sisi tuliotoka kwingine, niseme kwamba kila ukoo hapa una alama yake, na alama hiyo huchomwa kwa chuma kwenye ubavu wa mnyama ili hata mtoto ajue huyu ni wa nani. Bwana Cornelius alikuwa ameishi Lodwar miaka ishirini na saba, akiona alama hizo kila siku sokoni, na aliziona kuwa mapambo. Mimi niliyakagua maandishi yote, nikaona mapambo. Bi Bilha aliona mapambo. Mtu mmoja tu ofisini alijua, naye alikuwa Nanok, na Nanok alinyamaza miezi minane. Alipoulizwa baadaye hakuona aibu.

"Niliona," alisema. "Lakini nikafikiri ofisi imependa ukoo yetu."

Kituo chetu kina desturi moja tunayojivunia: hakuna kitabu kinachokwenda Nairobi kabla ya kusomewa watoto. Mtoto akipiga miayo, ukurasa unarudiwa. Basi katikati ya Machi tulikwenda shule moja hapa Lodwar na michoro yote. Watoto walicheka kwenye gari la bati, walicheka kwenye mpira wa matambara. Tulipofika kwenye ngamia wakanyamaza. Bwana Cornelius alinikonyeza, akidhani wameguswa na uzuri. Kumbe msichana wa miaka minane, Nakwawi, alikuwa anafunua kurasa mbele na nyuma kwa makini. Alipomaliza alimwinulia uso.

"Mawe ni yetu," alisema. "Mbona ngamia ni ya kina Nanok?"

Asubuhi iliyofuata, babu yake Nakwawi, Mzee Ethuro, alikuwa kwenye benchi letu kabla ya mlango kufunguliwa. Alitusalimu vizuri, ejok, akauliza habari za kazi, akapokea chai. Kisha akaomba kuelezwa, bila ugomvi wowote, ni kwa njia gani ukoo mmoja ulipata ngamia wote wa serikali. Bi Bilha alimweleza kwamba ni ngamia wa karatasi. Mzee alisema anaelewa kabisa, ila watoto watakaosoma karatasi hiyo ndio watakaokuwa wazee kesho, na yeye hataki kesi na wajukuu wa baba mdogo wa Nanok. Aliomba angalau tisa. Jumatano wakaja wazee wengine wawili wa koo nyingine. Ijumaa walikuwa watano, wakigawana ngamia kwenye meza yangu kwa adabu kubwa na sukari yetu yote, na walipofika kwa yule wa thelathini na saba wakashindwa kuelewana.

Bwana Cornelius alijifungia na wembe. Kwa siku nane alikwangua alama hizo, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ili karatasi isitoboke. Alikonda. Alipomaliza akamwita Mzee Ethuro kwa furaha kumwonyesha kwamba sasa ngamia si wa mtu. Mzee alitazama, akasikitika kwa dhati. Ngamia mkubwa hivi asiye na alama, alieleza, ama ameibwa ama amepotea, na thelathini na saba kwa pamoja ni uvamizi. Hapo ndipo nilimwona Bwana Cornelius akikaa chini sakafuni, mtu wa miaka hamsini na mitano, mgongo ukutani. Akiweka alama anakosea, asipoweka anakosea. Zilibaki siku kumi na mbili. Aliniambia pengine Ojiambo alikuwa na akili kuliko yeye tangu utotoni, na niliona uchungu.

Hata hivyo alikwenda Kakuma, kwa kuwa desturi ni desturi na watoto wa Mwalimu Mamer nao walikuwa hawajasomewa. Nilifuatana naye siku hiyo, tarehe 6 Aprili. Alitandika michoro juu ya mkeka, akaanza kueleza kwa Kiswahili, Mwalimu Mamer akageuza kwa Kidinka, mtoto mmoja akatafsiri kwa Kiarabu cha Juba kwa wale wa nyuma. Watoto hawakuwa na shida na alama. Shida yao ilikuwa ngamia wenyewe. Msichana mmoja, Adhar, ambaye udongo ulikuwa bado haujakauka vidoleni mwake, alitaka kujua ng'ombe wako wapi. Aliambiwa hakuna ng'ombe ukurasa huo. Alifikiri kidogo. Kisha akaokota kipande cha mkaa jikoni, akapiga magoti, na kabla hatujajua kinachotendeka akamtia pembe ngamia wa ukurasa wa ishirini na tatu.

Jamani! Pembe ndefu, nyeusi, kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine, kwenye mchoro halisi, siku tisa kabla ya mwisho. Mwalimu Mamer aliruka kumpokonya mkaa huku akiomba radhi kwa lugha tatu. Mimi nilifunga macho. Nilipofungua, Bwana Cornelius alikuwa amemshika mwalimu mkono, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo.

"Mwache amalize," alisema.

Adhar alimaliza. Alipaka mabaka ubavuni, pale pale palipokwanguliwa, akampa mnyama jina, akasimama akimtazama kwa raha ya mwenye mali. Lual akaomba mkaa. Nyuma yake ikajipanga foleni, na foleni hiyo ilifika nje ya turubai. Bwana Cornelius alikaa mkekani, akicheka mpaka machozi yakamtoka, akaniambia niandike haraka kabla hajasahau: ubavu ubaki wazi, kila ngamia, kila ukurasa, na mwanzoni pawe na maneno ya kumwambia mtoto achukue mkaa na kuweka alama ya kwao.

Alichora upya ukurasa wa ishirini na tatu kwa siku mbili. Mzee Ethuro aliletewa nakala ya majaribio, pamoja na mjukuu na kipande cha mkaa. Nakwawi aliweka alama ya kwao kwa ngamia wote thelathini na saba kabla chai haijapoa, na mzee alikubali kwamba sasa mambo yako sawa, kisha akaomba nakala ya pili kwa ajili yake mwenyewe. Nanok naye alipewa yake. Ametia alama kwa kalamu ya wino, kwa usalama.

Hapa sasa lazima niungame. Tarehe 11 Aprili ilibaki karatasi moja ya kutaipu, ile ya jalada. Bwana Cornelius hakuuliza tena habari ya jina. Nadhani alikuwa amechoka kuombaomba. Mimi nilichapa jalada kama kanuni inavyotaka, "Kimetayarishwa na Kituo", halafu nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko mchwa, nikaweka: *Michoro: C. Wandera*. Nikaiingiza karatasi hiyo katikati ya barua kumi na moja za kutiwa sahihi, nikasubiri taarifa ya habari ya saa saba, wakati ambao Bi Bilha hutia sahihi bila kusoma.

Aliniita. Alikuwa ameizima redio. Nina watoto wawili shuleni, na nilivuka ule ukumbi nikiwaza nauli ya kurudi Meru. Karatasi ya jalada ilikuwa mezani peke yake, na ule mstari wangu wa nyuma ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu, mara mbili. Kisha akaigeuza. Mbele, chini ya jina la kitabu, alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Michoro ya Cornelius Wandera*. Pembeni aliwaagiza wachapaji kwamba herufi ziwe na ukubwa ule ule wa jina la kitabu.

"Makena," aliniambia, "ukiamua kukosea, kosea waone."

Makao makuu bado hawajauliza. Wakiuliza, Bi Bilha amesema barua yao itajibiwa kwa mstari mmoja.

Maboksi yalifika Alhamisi iliyopita, tarehe 26, kwa lori la Kitale. Tulikuwa hatujamwambia kitu. Alikata kamba kwa wembe wake, akachukua nakala ya juu, na hakuifungua. Alisimama akiishika kwa mikono yote miwili. Alipitisha kidole gumba juu ya jina, taratibu, herufi moja moja, akafika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akatuambia anatoka kidogo kunawa mikono. Alikaa nje nusu saa, na hatukusikia bomba likifunguliwa. Aliporudi vidole vilikuwa na wino vile vile na macho mekundu, akalaumu vumbi, ingawa siku hiyo hakukuwa na upepo. Bi Bilha alimpa kitambaa, na sote tukajifanya tunahesabu maboksi.

Bwana Cornelius, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ya Mwalimu Mamer na watoto wake, na ya wazee watano ambao wameomba kukusindikiza hadi kituo cha basi, asante. Umetufundisha kutazama kitu mpaka tukione, na tumecheka na wewe kuliko tulivyostahili kwa mshahara wa serikali. Nakala arobaini zimefungwa kwenye mzigo wako kwa ajili ya Samia, na ya juu kabisa haijafungwa kwa karatasi, kwa ombi lako mwenyewe, ili mama asipate taabu ya kuifungua. Fika salama, mzee wetu. Mungu akupe afya, mchana wenye kivuli, na miaka mingi ya kuulizwa na watoto wa kijiji kama kweli Cornelius Wandera ni wewe.